Mabizimu ya Mama Tuda

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Niliingia Doha mwaka 2008 kama nesi, nikapangiwa wodi ya mifupa, na mtu anayefanya kazi katika mji ule asipojizuia kushangaa atachoka bure. Nimevua dhahabu za kila namna kutoka kwa wanawake wa kila namna, nikazitia kwenye mfuko wa plastiki, nikabandika jina na kuendelea na kazi. Tena nimelelewa Msabato kule Nyamira. Kwetu hata herini ndogo kama punje ya mtama ilitosha kumleta mzee wa kanisa sebuleni aje kuomba pamoja nawe. Kwa hiyo mapambo ya watu kwangu yalikuwa vyuma tu, vitu vya kuondolewa kabla ya eksirei.

Nalisema hili mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyeduwaa siku aliyoletwa Mama Tuda.

Ilikuwa Februari mwaka 2013, ule msimu mfupi ambapo Doha huwa na hewa ya kibinadamu. Kitengo cha dharura kilikuwa kimezidiwa, tukateremshwa kusaidia, mimi na Proscovia. Proscovia ni Mganda wa Masaka, mkubwa wangu kazini, mwanamke wa sauti ndogo na mwili mkubwa, na utaratibu kwake ni ibada. Tulikuwa tunapanga vifaa milango ilipofunguka, wahudumu wa ambulensi wakasukuma kitanda ndani, na kelele za mapokezi zikapungua, kisha zikakatika kabisa. Kelele za mapokezi ya dharura huwa hazikatiki. Hata apite mahututi, watu huendelea kubishana na simu zao.

Kitandani alilala bibi kizee mwenye mwili mdogo kama wa binti wa darasa la sita, na alikuwa amevaa fedha tangu utosini hadi viganjani. Kichwani alifungwa utepe mpana wa vipande vya fedha vilivyoshonewa pamoja, kila kipande kimepambwa kwa rangi ya kijani na njano iliyoyeyushwa juu yake hadi ikang'aa kama kioo, na kwenye paji la uso zikaning'inia sarafu za kale ambazo nyuso za wafalme wake zilikuwa zimelika. Shingoni alikuwa na kidani cha kaharabu na marijani. Mikononi bangili nene zenye vichwa vilivyochongoka. Na mabegani bizimu moja kila upande, pini ya kufungia nguo, la pembe tatu, kubwa kuliko kiganja changu, limejaa nakshi hadi pasibaki pahali pa kugusa ncha ya sindano. Mnyororo ulitoka bizimu moja ukapita kifuani hadi jingine, na katikati yake lilining'inia tufe la fedha lenye umbo la yai.

Na vyote vilikuwa vinalia. Gurudumu lilipogonga maungio ya sakafu, fedha ile ilitoa sauti ndogo nyingi kwa pamoja, halafu ikanyamaza, halafu tena. Yeye mwenyewe hakulia. Alikuwa ameuma meno na macho yake yako wazi, na maumivu yake tuliyasikia kwenye fedha.

Niliogopa. Haukuwa woga wa kitu kibaya, bali ule wa mtu aliyechelewa kanisani akafungua mlango akakuta watu wote wamepiga magoti. Nilitaka kuvua viatu. Proscovia naye alisimama na glovu moja mkononi, nyingine hajaivaa, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada ya siku ile.

Nyuma ya kitanda alikuja mwanawe, jina lake Brahim, mhandisi wa gesi aliyekuwa akiishi Pearl, katika mojawapo ya yale maghorofa ambayo ukumbi wa chini umetandikwa marumaru. Alitueleza harakaharaka. Wao ni Waamazighi, watu wa milima ya kusini mwa Moroko, waliokuwepo kule kabla ya Waarabu. Mkewe alikuwa amejifungua binti, wazazi wake wakaja kumwona mjukuu, na leo ilikuwa akika, karamu ya kumchinjia mtoto. Mama akavaa kama inavyompasa mwenye mjukuu, akashuka mwenyewe kuwapokea wageni mlangoni. Marumaru ikamtupa. Baba alibaki juu na wageni, hajui hata kama mkewe ameanguka vibaya kiasi gani. Mama, akasema Brahim, jina lake Tuda, anaongea Kitashelhiti tu, lugha ya kwao. Kiarabu anakijua cha kuswalia.

Eksirei ya nyonga ikaonyesha kile ambacho mguu wenyewe ulikuwa umeshasema kwa jinsi ulivyogeukia nje. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa mifupa, mtu mtulivu asiyependa maneno, alisema atamfanyia upasuaji kesho yake asubuhi, na sisi tumtayarishe na kumpandisha wodini. Brahim akainama akamwambia mamake kitu kifupi, akambusu kichwani juu ya zile sarafu, kisha akaitwa dirishani kuandikisha. Tukabaki naye watatu.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Tulivuta pazia. Ndiyo heshima, mgonjwa havuliwi mbele za watu. Tukashusha sauti, maana Proscovia hawezi kumwandaa mzee bila kunong'ona. Yeye akasimama kulia, mimi kushoto, kwa sababu mabizimu yale yalikuwa yameunganishwa kwa mnyororo na ukivuta upande mmoja unamchoma mwenyewe upande wa pili.

“Nyaboke, shika huko, tufungue pamoja,” akaniambia, akageuka kwa bibi akamwambia, “Pole, Mama. Pole sana.”

Tukachomoa pini kwa wakati mmoja. Nguo yake ikaanguka. Kumbe ile nguo nzuri ya buluu iliyokolea haikuwa na mshono hata mmoja. Ilikuwa kipande kizima cha kitambaa, na kilichoifanya iwe gauni ni yale mabizimu mawili tu. Proscovia akaivuta taratibu akaikunja. Tukafungua utepe wa kichwani, kidani, tukazisokota bangili hadi zikatoka, nikavitia vyote kwenye mfuko wa plastiki. Bibi alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine, mimi, Proscovia, mimi, Proscovia, kama anayesubiri mmoja wetu aseme. Proscovia akafumba macho akaomba kidogo moyoni, kawaida yake. Kisha tukamvika gauni la hospitali, jeupe.

Hapo ndipo alipopiga ukelele. Nimesikia watu wakilia kwa mfupa, na huo haukuwa wa mfupa. Aliinua mikono akaanza kujikwaruza mashavu, tukamshika, naye akazidi, akawa anaita jina moja tu mfululizo, “Bihi, Bihi.” Mashine ya presha ikaanza kupiga kelele zake.

Brahim alirudi mbio. Mamake akamkamata kola, akamuuliza jambo, na yule mhandisi mwenye suti ya kijivu akamjibu. Mama akauliza tena lile lile, kwa sauti ya chini zaidi. Brahim akatugeukia.

“Anauliza baba tumemzika wapi,” akasema. “Anauliza kwa nini hatukumngoja.”

Proscovia akamuuliza, kwa upole wake, kama baba ni mgonjwa. Brahim akasema baba ni mzima kabisa, amemwacha akigawa nyama. Kisha akautazama ule mfuko wa plastiki mkononi mwangu, akalitazama gauni jeupe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akatueleza polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia, kwamba katika kijiji chao mke hujivua fedha yake mwenyewe, au mumewe humfungulia, akienda kulala au kuoga. Wanawake wengine humvua siku moja tu maishani. Mume akifa, wanakuja wawili, mmoja huku na mwingine kule, hawasemi kwa sauti, wanachomoa mabizimu pamoja, wanamvika nyeupe, naye anaingia eda. Hakuna anayetangaza msiba kwa mdomo. Mke anaujua mabegani.

Tulikuwa tumefanya kila kitu sawasawa. Pazia, minong'ono, pole ya Proscovia na sala yake, hata ile kuangalia asichomwe na pini. Laiti tungekuwa wakali kidogo, tukamvua kwa pupa kama mapokezi ya siku nyingine, pengine asingedhani.

Mimi ni Mkisii, na jambo hili si geni kwetu. Nyanya yangu mzaa baba alivaa ebitinge, zile pete za chuma ambazo zamani wanawake wa Kisii walivalishwa vifundoni siku ndoa yao ilipokamilishwa. Mchungaji alimwambia azivue ndipo abatizwe. Nyanya akamjibu kwamba Yesu aningoje, mume wangu bado anakula ugali. Babu alipokufa, wanawake wa boma walimkalisha nyanya chini wakazitoa, na mimi mtoto nikaona vifundo vyake vimebaki na mkanda wa ngozi laini ya rangi nyingine, ngozi ambayo haikuwa imeguswa na jua tangu alipokuwa msichana. Nikatazama mikono ya Mama Tuda. Mkanda ule ule ulikuwa pale, mkono wa kulia na wa kushoto.

Brahim alimweleza mamake kila kitu. Hakuamini, na mimi singeamini vilevile. Watoto wasomi wakiwa na mzazi mgonjwa si ndio wanaoficha misiba? Akaomba kumsikia mumewe. Brahim akapiga simu nyumbani, mkewe akamwekea mzee simu sikioni, lakini Mzee Bihi masikio yake yalikuwa yameshachoka na simu kwake ilikuwa mdudu tu anayevuma, akanyamaza kungoja mdudu aseme kitu cha maana. Mama Tuda akausikiliza ule ukimya. Akamrudishia mwanawe simu, akageukia ukuta, akakataa maji.

Daktari wa nusukaputi alipoona presha yake alisema kwa presha ile hawezi kumlaza mtu usingizi. Daktari wa mifupa akamchukua Brahim kando akamwambia ukweli. Nyonga ya mzee haingoji. Akilala kitandani siku kadhaa kifua kitajaa, na wengi wa umri ule hawainuki tena. Nilikuwa nimesimama karibu nikayasikia hayo yote. Basi Brahim akachukua funguo za gari.

Mzee Bihi aliingia wodini jua likiwa bado madirishani. Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu nyeupe, kanzu yao ile pana ya Kimoroko na kilemba, na mikono yake bado ilinuka nyama ya akika. Alikwenda moja kwa moja kitandani. Mama Tuda alimwona. Alinyoosha mkono akampapasa shavu, sikio, kisha akazishika ndevu zake akazivuta kwa nguvu hadi mzee akaachia ukelele. Ndipo akaamini.

Tulicheka, na machozi yakitutoka. Presha ikaanza kushuka hata kabla hatujamkumbusha kumeza dawa. Nikadhani yamekwisha, nikajisifu moyoni kwamba kumbe mambo si magumu.

Lakini Mama Tuda akanyoosha mikono yake miwili mitupu. Hakutunyooshea sisi. Alimnyooshea mumewe, na mzee akageuka akatazama huku na huku mpaka akauona ule mfuko wa plastiki, akauchukua kama anayeokota kitu chake kilichoanguka barabarani. Akamvisha bangili moja baada ya nyingine. Akamfunga utepe. Akamrudishia ile nguo ya buluu begani juu ya gauni letu jeupe, akachoma mabizimu. Proscovia alianza kusema kitu kuhusu utaratibu, akanyamaza mwenyewe. Chumba chote kilikuwa kimebadilika rangi. Bibi mgonjwa tuliyekuwa tukimbembeleza anywe maji alikuwa ameondoka, na pale kitandani alikuwa amerudi yule aliyenyamazisha mapokezi, ameketi ndani ya fedha yake, akitutazama sisi manesi kama wageni wa akika waliokuja na mikono mitupu.

Asubuhi tukaja kumchukua. Brahim alikuwa amemweleza tangu usiku kwamba fedha lazima itoke, kwamba visu vya siku hizi vinakata kwa umeme na umeme ukikutana na chuma mwilini unaunguza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba jana aliwekwa ujane na mume wake yu hai, na balaa kama hilo halichezewi mara mbili. Akivuliwa tena atakuwa anamwita Malaika wa mauti kwa mkono wake mwenyewe, na Malaika akiitwa mara mbili huja. Kama ni hivyo, mfupa na ukae ulivyo.

Brahim alimsihi. Daktari alikuja, akaongea kwa subira, Brahim akitafsiri. Daktari alisema hata bangili moja haiwezekani. Mama Tuda akafunga mdomo. Alikuwa na namna ya kufunga mdomo ambayo ilifunga na mlango pia. Mimi nilikuwa na hasira, nawaambia kweli, hasira ya kumwona mtu anakufa kwa hiari yake mbele ya dawa, na papo hapo nilikuwa namstahi kuliko nilivyomstahi mtu yeyote siku nyingi. Proscovia akaniambia chinichini kwamba atapiga simu thieta, chumba cha upasuaji, waahirishe. Sote tulijua kuahirisha kunampeleka wapi.

Mzee Bihi alikuwa kitini muda wote huo akifuata midomo yetu. Akamuuliza mwanawe jambo. Brahim akatikisa kichwa kukataa. Mzee akarudia. Brahim akasema hapana, baba, hapa ni hospitali. Mzee akasimama, akaweka mkono wake juu ya bizimu la kulia la mkewe, akasema naye polepole, na Brahim akatutafsiria akiwa ameinamisha macho.

“Anamwambia hivi. Fedha ya mjane huenda sandukuni. Hii haiendi sandukuni. Inatoka kwako inakuja kwangu, na mimi nitakaa nayo mlangoni. Malaika akipita atanikuta nimevaa, ataona nyumba hii haina msiba.”

Mama Tuda alimtazama mzee wake. Nilijikuta nimeshika ukingo wa kitanda. Kisha akainua mkono wa kulia, akampa.

Mzee alitoa bangili ya kwanza, na kabla hajagusa ya pili akaivaa hiyo. Ilikwama kiganjani, akaisukuma kwa goti hadi ikapita. Akafanya hivyo na kila kitu. Hakuna kilichogusa meza, wala mfuko, wala mkono wa mtu mwingine. Kidani kikatoka shingo hii kikaingia shingo ile. Utepe wa sarafu akaufunga juu ya kilemba chake. Alipofika kwenye mabizimu alimfungua bibi la kulia, akalichoma begani mwake mwenyewe, la kushoto vilevile, lakini akayachoma kombokombo, tufe likaenda kuning'inia karibu na kwapa. Mama Tuda, aliyekuwa hajasema neno tangu alipofunga mdomo, akasema. Brahim akatafsiri, na sauti ikamkatika kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

“Anasema kushoto kumeshuka. Anasema miaka yote hii unafungua tu, hujawahi kujifunza kufunga.”

Na yule mhandisi, aliyekuwa ameona haya kwa ajili ya baba yake, akavua koti lake, akapiga magoti mbele ya mzee akalinyoosha bizimu la kushoto huku mamake akimwelekeza kwa kidole. Lilipokaa sawa Mama Tuda alitikisa kichwa kwamba sasa ndiyo. Akatuashiria mwenyewe tumhamishie kwenye kitanda cha magurudumu, ndani ya gauni jeupe, mikono mitupu. Alionekana mdogo mno.

Tukaanza safari ya kwenda thieta. Mimi na Proscovia tukasukuma, mzee akatembea kando ameshika mkono wa mkewe, na fedha ikalia katika korido nzima. Nilijua watu watacheka, nikajiandaa kumkaripia wa kwanza. Hakuna aliyecheka. Wasafishaji wakasimamisha mashine yao. Mzee mmoja wa Kiqatari aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu aliweka mkono kifuani akainama. Laban, mlinzi wetu wa Kakamega, mtu wa maneno mengi na utani, alisimama wima pale kwenye lifti akazima redio yake, na tulipopita akaniuliza tu kwa sauti ndogo, “Sista, huyu mzee ni nani?” Nikamwambia ni mume wa mtu.

Mlango wa thieta ukafungwa. Mzee Bihi akaketi kwenye benchi la nje, miguu pamoja, mgongo umenyooka, fedha yote ya nyumba yake iko juu yake, akautazama ule mlango. Nilipopita katika shughuli zangu nilimkuta vilevile. Nilipopita tena, vilevile. Mtu mwingine angevaa mapambo ya kike akaonekana kichekesho, na mwingine angeonekana mtakatifu wa kwenye picha. Yeye alikuwa mume anayelinda mlango tu. Nikaketi kando yake kidogo ingawa sikuwa na ruhusa ya kuketi. Mimi binti wa Kisabato, niliyefundishwa kwamba vyuma hivi ni majivuno ya dunia, nilikaa pale nikahisi niko mahali ambapo hapasemwi kwa sauti.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tatizo lilikuja kwenye chumba cha kuamkia. Mama Tuda aliamka, tuliona kwa pumzi, lakini hakufungua macho. Aliyafumba kwa nguvu, kope zimekunjamana, na vidole vyake vikapapasa mkono mtupu, kisha bega, kisha kile kitambaa cheupe. Presha ikaanza kupanda. Chumba kile kinaruhusu ndugu mmoja tu, na daktari alitaka anayeweza kutafsiri, kwa hiyo aliyeingia ni Brahim. Akamwambia mamake baba yuko nje. Akakataa kufungua macho. Akamwapia. Machozi yakapenya kwenye kope zilizofumbwa yakashuka hadi masikioni.

Nikatoka nje. Sijui Kitashelhiti hata neno moja, na mzee hasikii, basi nikafanya nilichoweza. Nikamshika kiwiko nikamsimamisha mbele ya mlango. Nikaonyesha mlango, nikaonyesha sikio langu, nikatikisa mabega yangu yasiyo na kitu. Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa. Kisha akaelewa.

Alianza taratibu. Alipiga mguu, akatikisa bega la kulia, la kushoto, jinsi wanawake wa kwao wanavyotikisa wakicheza, na sarafu zikajibu, mnyororo ukajibu, tufe likagonga mabizimu. Mzee mwenye ndevu nyeupe akacheza ngoma ya wanawake katika korido ya thieta, macho yake kwenye mlango, bila wimbo, bila ya mtu wa kumpigia makofi. Proscovia alikuwa amesimama kizingitini. Huyu ni mwanamke anayekuandikia onyo hata ukikohoa pale. Alisukuma mlango kwa mgongo wake akauacha wazi.

Ndani nikamwona Mama Tuda ametulia. Vidole vyake viliacha kupapasa. Macho bado yamefumba, akasikiliza kwa makini, uso umekunjwa kidogo, kisha midomo yake mikavu ikasogea. Brahim akainama kumsikia. Alikuja mpaka mlangoni, akamwonyesha baba yake kwa mikono kwamba asimame, na akatuambia sisi kwa sauti iliyokuwa imelowa.

“Anasema anakosea hatua. Anasema aanze upya.”

Mzee akaitazama midomo ya mwanawe ilipomrudia maneno hayo kwa Kitashelhiti. Akapangusa macho kwa mkono wenye bangili, akapandisha bega la kushoto lililokuwa limeshuka, na akaanza upya.